Simu Yangu Imeota Masikio

Simu yangu ina kitufe cha kurekodi skrini. Ukiteremsha pazia la juu unakiona. Mpwa wangu anakijua vizuri. Ila mtu aliyesomea kompyuta habonyezi kitufe kama sisi raia, lazima afungue dirisha jeusi kwenye laptopu aandike amri. Nami, katibu wa kikoba, nilichotaka ni video ya kuwaelekeza wanachama namna ya kuingiza hisa zao kwa simu.

Nikaambiwa niingie kwenye mipangilio, niigonge namba ya toleo mara 7. Nikagonga, simu ikanitangaza kuwa msanidi programu. Mke wangu, anayejua ninavyohangaishwa na rimoti ya televisheni, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Ukaja mtihani wa waya. Nyaya tunazo tele, zote za kuchaji tu, data hazipitishi. Tukaazima kwa jirani, naye akauleta mwenyewe, akavuta kiti.

Amri ya kwanza ilikuwa screenrecord, ambayo Android inayo tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013. Nikaeleza kwa ufasaha wote: hisa, mfuko wa jamii, faini ya kuchelewesha rejesho. Kumbe amri ile hukata ikifika dakika 3, na sauti haichukui hata chembe. Aliyewahi kuhudhuria kikao cha kikoba anajua dakika 3 hazitoshi hata salamu. Tulipoitazama, kurasa zilikuwa zinajifungua zenyewe kimyakimya kama simu imepandwa na mashetani.

“Katibu,” jirani akasema, “hapa ndipo umeongea vizuri kuliko siku zote.”

Mpwa akahamia scrcpy, jina analolitamka kama anayetaka kupiga chafya. Programu hii ya bure ilianza kuchukua sauti kwenye toleo la 2.0, mwaka 2023, kwa simu za kuanzia Android 11. Lakini ukiiachia ilivyo, inachukua sauti ya simu yenyewe na kuihamishia kwenye laptopu. Simu ikawa bubu, laptopu ikawa inalia milio ya ujumbe wangu, na mimi bado sisikiki.

“Tulia, mjomba,” akasema, akaongeza --audio-source=mic.

Hapo ikasikia kila kitu. Ikamsikia muuza dagaa akipita, ikamsikia jogoo, ikamsikia jirani akiuliza kama chai imeiva. Nami nilipofika kwenye faini za wanaochelewesha marejesho, nikiwa nimekaza sauti ya kikatibu, juu ya skrini ukashuka ujumbe wa mweka hazina: “Katibu, rejesho lako la mwezi huu bado.”

Sababu ninazo, ila si za kuandikwa hapa. Mpwa alikataa kurudia, video ikaenda kwenye grupu vilevile, na sasa wanachama wanaingiza hisa bila kuuliza mtu.

Nawe ukitaka kurekodi skrini yako, washa kwanza hali ya Usinisumbue. Waya wa jirani uazime, jirani mwenyewe mwache kwake.