MUULIZE MJOMBA: Pikipiki ya mwalimu

Wiki hii barua za mapenzi zitasubiri. Kaka anayemdai mpenzi wake simu aliyomnunulia, na yule dada wa Tabata ambaye mchumba wake ana wachumba, nivumilieni, nitawafikia. Nimeletewa barua nne ambazo nilipozipanga mezani niliona kama zimetoka nyumba moja. Sijasema zimetoka nyumba moja. Nimesema kama.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa miaka 23, nakaa na wazazi Chanika, nauza vifaa vya simu Kariakoo. Naamka saa kumi alfajiri, napanda daladala mbili, na jioni ni hivyohivyo ila nikiwa nimesimama. Nimedunduliza hadi nimepata milioni moja na laki nne, na nimeona Boxer ya mkononi kwa bei hiyohiyo. Mwenyewe ni mwalimu, anasema alikuwa anaendea shule tu na kurudi. Tatizo ni nyumbani. Baba amesema siku nitakayoingiza pikipiki getini nitafute na pa kulala. Mama hasemi kitu, analia. Nimepanga niinunue kimyakimya, niwe naiacha kwa rafiki yangu mtaa wa pili. Nisaidie mambo mawili: nitajuaje kama ni nzima, na nitaifichaje?
Mchovu wa Daladala, Chanika

Marahaba, mpwa. Nianze na hilo la pili maana jibu lake ni fupi: hutaificha.

Pikipiki si sigara. Utaingia ndani na harufu ya petroli, macho mekundu kama umetoka kukesha msibani, na jaketi zito mwezi wa pili, joto la Dar es Salaam hili. Utaanza kufika saa kumi na mbili na nusu, shati halijakunjamana, na mama yako ambaye miaka yote amekuwekea chakula saa tatu atajiuliza ni daladala gani hiyo. Mtaa wa pili yupo mama wa genge. Wewe humjui jina; yeye anakujua tangu unaota meno. Kisha siku ya nne au ya tano utashuka kwa upande wa kulia bila kufikiri, na bomba la moshi litakugonga muhuri kwenye kigimbi, upande wa ndani. Muhuri huo haufutiki kwa dawa wala kwa mafuta ya nazi. Wapo wenye nao wanaosema waliungua na jiko. Tuuache hapo kwanza.

Sasa huyo mwalimu. Mpwa, kila pikipiki inayouzwa mjini hapa ilikuwa ya mwalimu. Isipokuwa ya mwalimu ni ya nesi, na isipokuwa ya nesi ni ya mchungaji aliyehamishiwa usharika wa mbali. Sijawahi kukutana na mtu anayeuza ile iliyokuwa ikipokezanwa na madeiwaka wanne, wawili wa mchana na wawili wa usiku, ingawa hizo ndizo zilizojaa barabarani.

Usibishane naye. Inama utazame vikanyagio vya abiria. Mwalimu aendaye shule peke yake hana abiria. Kama mpira wa vikanyagio vya nyuma umelika hadi chuma kinang'aa, basi alikuwa akienda na darasa zima. Tazama na mpira wa gia, na pedali ya breki. Mita inaweza kukuambia kilomita 18,000, lakini nyingi za pikipiki hizi mita yake huendeshwa na waya unaotoka gurudumu la mbele. Ukichomolewa, chombo kinakwenda Mwanza na kurudi, mita imelala usingizi. Mpira wa kukanyagia hauna waya wa kuchomoa. Na ukiona siti mpya kabisa juu ya pikipiki kuukuu, jua kuna mtu alipakwa poda kabla ya kupigwa picha.

Mwambie muuzaji utafika saa nne, ufike saa tatu. Kabla hujashika mkono wake, shika injini. Ikiwa ya moto, ameiwasha mapema ili usione inavyosumbua kuamka. Usigombe. Agiza chai, ulizia habari za shule, mpaka ipoe. Ndipo upige kiki, na wewe usimame nyuma. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, mara nyingi ni kabureta tu, na kabureta husafishwa kwa hela ndogo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua humo ndani, ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na hapo unazungumzia kushusha injini. Fundi akishaishusha na kukuambia "ni ringi tu, bosi", vuta kiti ukae.

Ipandishe kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele lining'inie, ugeuze usukani taratibu kushoto na kulia. Ukifika katikati ukahisi kama unatumbukia kijishimo, gololi za shingo zimekwisha. Vuta cheni pale nyuma kabisa ya sproketi. Ikiachana na meno, na meno yenyewe yamelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, toa bei ya cheni na sproketi zote mbili kwenye bei yake. Mwisho nenda nyuma hatua kumi, chuchumaa, ulinganishe magurudumu. Yasipokaa mstari mmoja, mwalimu alianguka na hakuwaambia wanafunzi.

Lakini chuma kibovu kina fundi. Karatasi mbovu ndiyo itakayokulaza kituoni. Pikipiki nyingi mjini ni za mkataba: bosi ameinunua, kijana anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda waliokubaliana ukiisha inakuwa yake. Kabla ya hapo kijana huyo hana cha kuuza, na wapo wanaouza. Nyingine kadi yake imelala kwa mkopeshaji. Kwa hiyo taka kadi yenyewe, si picha ya kwenye simu, na jina lililo juu yake liwe la huyo aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake. Ukiambiwa mwenye kadi yuko Dubai, mtakie safari njema uondoke. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, ya injini iko kwenye injini; zisome herufi kwa herufi kadi ikiwa mkononi. Chuma kilichokwaruzwa kikapakwa rangi mahali penye namba ni sababu tosha ya kusema "nitakupigia". Faini za barabarani nazo hufuata namba ya usajili, kwa hiyo ulizia kama kuna deni. Mkiafikiana, andikishianeni kwa mwanasheria, kisha mwende TRA wote wawili na TIN zenu, jina libadilike. Anayekwambia "jina tutabadili baadaye", mwulize hiyo Baadaye iko wilaya gani.

Wala usimpe pesa yote uliyonayo. Mwombe ashuke, na asiposhuka usubiri pikipiki nyingine. Mji huu haujawahi kuishiwa walimu. Bakisha ya leseni daraja A, ya bima, hata kama ni ile bima ndogo, ya tairi la nyuma, na ya kofia ngumu. Kofia nunua mpya. Povu gumu la ndani likishagongwa mara moja limemaliza kazi yake, na kwa nje huoni kitu. Na ukishaivaa, funga kamba. Wengi wetu tunaiweka juu kama balaghashia, kwa kumheshimu trafiki. Mwaka 2008 mapitio ya Cochrane yalijumuisha tafiti nyingi zilizokwishafanywa, yakakadiria kwamba kofia hiyo inampunguzia mwendesha pikipiki aliyepata ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Zikariri namba hizo. Mimi nimekupa kwa ajili ya baba yako.

Tumfikie huyo baba. Jambo hili ni posa, mpwa, na posa haipelekwi na bwana harusi. Tafuta mshenga: baba mkubwa, au mzee wa msikitini au kanisani kwenu, mtu ambaye baba hawezi kumpandishia sauti. Aende jioni, chakula kimeshuka na taarifa ya habari haijaanza. Asitaje pikipiki. Aanze na mvua, aje kwenye bei ya sukari, atue kwenye nauli. Mahari iwe imekamilika: cheti cha chuo cha udereva, leseni, kofia, bima. Na baba atataja masharti yake, usiyapunguze hata moja: hakuna usiku wa manane, hakuna kupita kati ya malori, hakuna mishikaki, hata kama abiria wa pili ni mdogo wako na ni hapo karibu.

Nawe umwelewe. Katika ujana wa mzee wako pikipiki ilikuwa chombo cha bwana shamba, cha bwana afya na cha padri. Ikiingia kijijini watoto waliifukuzia, na mzazi aliyemwona mwanawe juu yake alijua ada ya shule haikupotea. Baadaye zikaja za bei nafuu kutoka China na India, vijana wakaanza kubebea abiria, na mwaka 2010 zikatungwa kanuni za kuzipa leseni ya biashara hiyo. Jina likawa bodaboda, jina lililozaliwa mpakani Busia kwa waliokuwa wakivusha watu kwa baiskeli. Chombo ni kilekile. Ila baba yako akisikia pikipiki leo hamwoni tena bwana shamba. Anaona vitanda vya pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mguu umening'inizwa, na mama anauliza zinatakiwa shilingi ngapi.

Mjomba, mimi ni mwalimu na nauza pikipiki. Vijana wa siku hizi wanafika kabla ya saa mliyopanga, na wanapapasa injini kabla hawajakusalimu. Hii ni ya tano kuuza mwaka huu na sijapata kuona utovu wa adabu kama huu. Niwafanyeje?
Mwalimu Mvumilivu, Gongo la Mboto

Si adabu kabisa, Mwalimu. Pikipiki tano, ulisema? Shule ni moja?

Habari za kazi, kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu. Juzi nafagia chumba cha kijana wangu nikakuta kofia ya pikipiki, mpya, imefungwa kwenye kanga yangu niliyoitafuta tangu Iddi. Baba yake sijamwambia. Yule pikipiki hataki hata kuiegemea. Kabla hatujaoana alikuwa bwana afya huko Kilosa, na daima anasema alizunguka vijiji vyote kwa miguu. Miguu yenyewe ni mizuri tu, ila wa kulia una kovu la mviringo kwenye kigimbi, anasema ni jiko la mkaa. Kaka, mimi naogopa. Usiku pikipiki ikipita barabarani nahesabu wanangu kitandani. Nifanye nini?
Mama Watatu, Chanika

Pole, dada yangu. Kwanza hiyo kofia. Nimeona vijana wengi walionunua pikipiki wakaikumbuka kofia siku ya trafiki. Wako ameanza na kofia, pikipiki haijafika. Kanga yako mdai, lakini mdai huku unatabasamu.

Pili nikuulize kwa heshima. Juzi kutoka stendi kwenda nyumbani, na lile gunia la mkaa, ulifikaje? Ulipanda kwa nani? Alikuwa na leseni? Ulimwuliza umri? Ulikaa upande, kanga inapepea karibu na cheni, kofia alikuwa nayo moja na kaitundika kwenye kioo. Kijana wa mwenzio, humjui hata jina, ulimkabidhi maisha yako kwa nauli ya buku, ukampigia na shemeji simu njiani. Sikulaumu, sote tunapanda. Ila mwanao akitaka kuendesha mwenyewe, na breki anazozijua, ndipo tunalia.

Najua unacholilia. Ni ile simu ya saa nane usiku kutoka namba usiyoijua, sauti ya mtu inauliza, "Wewe ni mama nani?" Hilo sina dawa yake, na atakayekuuzia dawa yake anakuibia. Nina jambo dogo tu. Akishaipata, na jina likiwa lake, mwambie akupeleke sokoni Jumapili. Ukae nyuma, umshike kiunoni, usiseme neno. Abiria hujua yote kwa magoti yake: kama anafunga breki mapema au anasubiri hadi dakika ya mwisho, kama kwenye matuta anapunguza, kama lori likipita anatulia au anataka kushindana nalo. Ukishuka utajua umemzaa nani. Naye kwa dakika hizo ishirini ataendesha vizuri kuliko alivyofundishwa chuoni, maana hakuna mzigo mzito nyuma ya pikipiki kuliko mama aliyenyamaza.

Mengine ya nyumbani kwako sitayagusa. Mguu wa mume ni wa mkewe.

Mhariri. Safu yako inapotosha vijana. Mimi ni mzazi wa Chanika. Nimesikia unajiandaa kuandika habari za pikipiki na naomba uache. Pikipiki si chombo cha mtu mwenye akili timamu. Mimi tangu nizaliwe sijakaa juu yake hata siku moja, na unaniona nina afya yangu.
Baba Mwenye Msimamo

Mzee mwenzangu, heshima yako. Barua imefika, na maneno yako nimeyachapa bila kupunguza nukta. Sina ubishi nawe. Nina swali moja tu la kifundi, maana ujuzi hauna mwisho: hilo jiko la mkaa lililokuunguza kwenye kigimbi, upande wa ndani, mguu wa kulia, lilikuwa na gia ngapi?