Taa Zenye Akili na Mkono wa Askari
Mmoja wa mifumo ya mwanzo ya taa zinazojirekebisha, yaani zile zinazohesabu magari kwa vitambuzi vilivyofukiwa chini ya lami na kurefusha au kufupisha muda wa kijani kulingana na foleni, ulibuniwa Sydney katika miaka ya 1970. Jijini Nairobi, taa za barabarani, ziwe na akili au zisiwe nayo, hukabiliwa na mpinzani ambaye wahandisi hawakumweka katika hesabu zao: askari wa trafiki, ambaye huruhusu magari kwenye nyekundu na kuyazuia kwenye kijani. Kwa haki, askari naye ni mfumo unaojirekebisha, tena usiohitaji umeme, ila haoni makutano yanayofuata, ambako mwenzake, kwa bidii ileile, amekwisha kuifunga njia.