Hotuba ya Bingwa wa Anga, Gatini Port Bell

Ndugu zangu wa Luzira, waheshimiwa wa gati, na nyinyi wachuuzi wa dagaa wa mukene mnaonizibia upepo: tulieni! Aliyesimama mbele yenu ni Profesa wa Anga, Mshauri wa Mawingu, bingwa wa mwendo na masafa. Vyeti vyangu ni vingi mno, ndiyo maana sikuja navyo.

Mada ya leo ni safari ya ndege kutoka Kampala hadi Nairobi. Mimi niliimaliza nikiwa kwa kinyozi. Kinyozi wangu wa Nakawa huniita Daktari. Siku hizi amekataa kunikopesha, lakini hilo ni somo la uchumi, tutalifikia.

Naam, masafa. Kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe ni kilomita 520 hivi, na ndege hukaa angani kama saa moja. Sasa sikieni ugunduzi wangu: Nairobi iko mashariki, jua huwahi kule, kwa hiyo ongezeni saa nyingine ya tofauti ya majira. Jumla saa mbili! Andikeni.

Mama wa mukene ananyoosha mkono. Anadai dada yake wa Gikomba, Nairobi, akimpigia simu saa tatu asubuhi, hapa pia huwa saa tatu. Mama, mnunulie dada yako saa nzuri. Hata kama Uganda na Kenya zote ziko saa tatu mbele ya Greenwich, hayo ni mambo ya serikali, si ya sayansi.

Mzee wa nyavu naye hanyamazi. Eti ndege kutoka Southampton zilikuwa zikitua hapa hapa Port Bell, juu ya maji, kuanzia 1937, zikielekea Durban. Na baada ya vita zikaja nyingine za kwenda Johannesburg, hadi 1950. Ssebo, nakuheshimu, lakini hebu tutumie akili. Ndege itue ziwani, ilikuwa bata? Hiyo picha unayoitoa mfukoni nimeiona. Hiyo si ndege, ni mashua yenye mabawa na injini nne. Mashua, mzee wangu!

Nani kauliza kama nimewahi kupanda ndege? Swali la kishamba. Anayepima Ziwa Victoria lazima alinywe? Nairobi naenda sana, naenda kwa basi la usiku, kupitia Busia, ili nichunguze anga kutoka chini, mahali inapoonekana vizuri. Huchukua saa kumi na mbili, na foleni ya mpakani ikigoma, zaidi. Hesabu yangu ya saa mbili haijatikisika. Mwenye kosa ni basi.

Atakayetaka sehemu ya pili ya somo anikute kituoni jioni hii. Kila mtu ajilipie nauli, na mmoja wenu, mwenye kupenda elimu, anilipie na mimi.