Barua ya Wazi kwa Hazina ya Taifa Kuhusu Matundu ya Mshipi

Kwa Wakuu wa Hazina ya Taifa,
Harambee Avenue, Nairobi.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi viatu kando ya steji ya matatu. Tangu mtuambie tukaze mishipi, viatu sishoni sana, natoboa matundu. Asanteni kwa kazi. Mwalimu amerudi mara tatu. Mwaka 2024 alifika daktari wa intanshipu, ameambiwa kwamba zile shilingi 206,000 za makubaliano ya 2017 zimeilemea serikali, apokee 70,000. Huyo nilimtoboa matundu manne, ngozi ikaisha. Madaktari wakagoma siku 56.

Nyinyi sijawaona kibandani.

Msidhani sikusikia tangazo la Rais la kubana matumizi, la 5 Julai 2024, siku kumi baada ya vijana waandamanaji kuingia Bungeni. Nililisikiliza redioni kama mtu anayesomewa madeni ya mwenziwe. Mashirika 47 ya umma yavunjwe kwa kuwa kazi zao zinafanywa na mashirika mengine: kumbe tulikuwa tukilipa mara mbili? Bajeti ya ofisi ya mke wa Rais ifutwe: kumbe ilikuwapo? Magari mapya yasinunuliwe kwa miezi 12, isipokuwa ya vyombo vya usalama. Mwaka mzima na gari la mwaka jana! Poleni sana.

Washauri nao wapunguzwe nusu. Hapa nina swali, na nauliza kwa adabu: yule aliyewashauri kwamba mkate utozwe VAT ya asilimia 16 yumo katika nusu ipi?

Sasa naomba tenda. Nileteeni mishipi yenu. Ikiwa ngozi ni nene, nina chuma kinene. Mwenye shughuli nyingi amtume dereva, najua dereva bado yupo. Mimi nitaanza na ghorofa ya juu, nishuke hadi kwa mfagizi. Utaratibu wenu wa kuanza na mfagizi naujua: jua huzama kabla ya kufika ngazini.

Tundu ni shilingi 20, kwa tumbo lolote. Ila nilipwe mkononi, kabla sijatoboa. Jirani yangu hapa stejini aliwahi kuiuzia ofisi moja ya serikali madawati. Kila mwisho wa mwezi hunipa viatu nivipige rangi, aende kuulizia hundi.

Wenu mtiifu,
Fundi wa Stejini