Ng'ombe wa Kopo na Ng'ombe wa Lushoto

Leo asubuhi ile video ya mwanangu na maziwa ya bibi yake imewekwa tena kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mume wangu, safari hii imetiwa muziki. Ni taarabu, na kwa kweli imekaa vizuri: kinanda kinaingia pale pale mwanangu anapofungua mdomo. Watu ambao sijawahi kuwaona, wajomba wa Soni na mashangazi wa Muheza, wameweka vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mmoja ameuliza, "Huyo nyuma aliyeshika mdomo ndiye mke?" Ndiye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama mkwe alikuja na dumu la lita tano, amelizungushia kitenge na kulipakata kutoka Lushoto mpaka Dar es Salaam. Kondakta alitaka kulitia kwenye buti akaambiwa akatie vya mama yake. Yalikuwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe: yamekamuliwa jioni, yakachemshwa, yakalazwa ndani ya beseni la maji, na maji ya Usambara usiku si mchezo, kisha yakachemshwa tena kabla ya adhana ya alfajiri. Mjukuu ametimiza mwaka, sasa anywe maziwa. Wifi zangu wote wawili walikuwepo, mkubwa akiwa na simu tayari mkononi. Jirani wa chini alipita kusalimia, akaona shughuli, akavuta kiti.

Kopo halikuwa mezani. Kopo lilikuwa jikoni, juu ya kabati, nyuma ya sufuria la pilau ambalo tunalishusha Idi mpaka Idi. Mama mkwe alijua kwamba mtoto "anasaidiwa kidogo" na maziwa ya dukani. Neno hilo "kidogo" lilitumika kwenye simu, na aliyelitumia ni mwanawe, si mimi. Siku hiyo ya Jumamosi mwanawe alipata safari ya ghafla ya kupeleka gari kwa fundi.

Mama mkwe alipasha maziwa mwenyewe, akayatia kwenye chupa, akadondosha tone nyuma ya kiganja, akasema Bismillah. Mtoto akaipokea kwa mikono miwili. Tukasogea. Akavuta mara ya kwanza, akavuta ya pili, akaacha. Akamtazama bibi yake usoni kwa muda mrefu, hana hasira wala kilio. Hakutema. Angetema tungesema mtoto huyu, kapaliwa, meno yanamsumbua. Alifungua mdomo tu, akayaacha maziwa yote yashuke yenyewe: kidevuni, kifuani, hadi kwenye dera jipya la bibi. Alipohakikisha hakuna lililobaki, akanyoosha kidole jikoni, juu ya kabati.

"Anaonyesha nini?" akauliza wifi mkubwa huku anarekodi.

"Taa," nikasema. "Anapenda taa."

Mtoto akateremka mapajani, akatambaa mpaka jikoni, akashikilia kigoda, akasimama, akaanza kulilia lile kabati kana kwamba kuna mtu kafungiwa humo. Wifi mdogo ni mrefu. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliye mrefu, na Mungu alimleta siku hiyo. Akapeleka mkono nyuma ya sufuria la pilau, akaibuka na kopo, akalitikisa tu kujua kama lina kitu. Kijiko kikagonga bati. Kilio kikakatika. Mtoto akacheka, akapiga makofi, akamgeukia bibi yake kumwonyesha: hiki hapa.

"Kumbe mnamlisha unga," mama mkwe akasema.

"Mama, hata haya ni ya ng'ombe," nikajibu.

Akalichukua kopo, akaligeuza pande zote kutafuta ng'ombe. Hayupo. Hata mtoto hayupo. Kanuni ya kimataifa ya kuuza maziwa mbadala, iliyopitishwa na mkutano wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 kwa kura 118 huku Marekani peke yake ikipinga, inakataza kubandika picha za watoto kwenye makopo hayo, na inadai maandishi yanayosema kwamba maziwa ya mama ni bora zaidi. Sijui bidhaa nyingine dukani ambayo kwanza inakwambia hukupaswa kuwa hapa, halafu inakupa bei.

Lakini nilikuwa sahihi. Makopo mengi yaliyoko madukani yanaanzia kwenye kiwele cha ng'ombe, wa aina ile ile anayekula majani kwa mama mkwe. Yakishakamuliwa, kazi ya kiwanda ni kumfuta ng'ombe humo kidogo kidogo. Wanaengua mafuta yake na kuweka ya mimea: mawese, nazi, alizeti, soya. Wanapunguza protini, maana maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya maziwa ya mama, na mwenye makosa hapo ni ndama. Ndama ana haraka. Ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi anatakiwa awe na uzito maradufu wa siku aliyozaliwa. Wa kwetu anachukua miezi minne hadi sita, na hakuna anayemdai kulima. Tena sehemu nne kati ya tano za protini ya ng'ombe ni keisini, ile ambayo ikikutana na asidi ya tumbo inaganda kuwa bonge. Kwa ndama bonge hilo ni akiba ya kumkalia tumboni. Kwa binadamu mchanga ni mzigo, na kwenye maziwa ya mama keisini ni nusu tu ya protini, au pungufu. Kwa hiyo kiwanda kinaongeza zile protini laini zinazobaki kwenye maji baada ya maziwa kuganda, ambazo watengeneza jibini zamani waliwamwagia nguruwe. Kinapunguza chumvi. Kinatia madini ya chuma, ambayo kwenye maziwa ya ng'ombe ni kama hayamo. Kinaongeza sukari ya maziwa mpaka ifike gramu 7 hivi katika kila mililita 100, kama kwa mama, maana kwa ng'ombe ni kama 5. Mwisho yote yanarushwa kwa matone madogo ndani ya hewa ya moto, yanadondoka yakiwa unga.

Mama mkwe alisikiliza yote hayo. Wifi mkubwa alikuwa bado anarekodi, ila kipande hicho hakimo kwenye video.

Hata hilo neno "unga" lilikuwa na ukweli kuliko alivyodhani mwenyewe. Mkemia wa Ujerumani Justus von Liebig alipotoa chakula chake cha watoto wachanga miaka ya 1860, alichanganya maziwa ya ng'ombe na unga wa ngano na wa kimea. Mwaka 1867, huko Vevey nchini Uswisi, mfamasia Henri Nestlé akaja na wake: maziwa, ngano, sukari. Watoto wa Ulaya walikuwa wakinyweshwa uji na kuambiwa ni sayansi.

Sasa rudi kwa mtoto wangu pale mapajani. Amezoea ng'ombe aliyeongezwa sukari na kupunguzwa chumvi. Analetewa ng'ombe mwenyewe, kutoka Lushoto, na utamu umepungua karibu theluthi na chumvi imezidi. Katika sebule nzima alikuwa mtu pekee mwenye takwimu sahihi, na ndiye anayechekwa kwa taarabu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwa siku mbili. Akaapa haondoki mpaka mjukuu wake anywe.

Dawa inayojulikana ni kuchanganya. Unakoroga kopo kwa maji kama kawaida, kisha unaondoa robo ya chupa na kutia maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Akizoea unafika nusu, kisha robo tatu. Unga wenyewe hautiwi ndani ya maziwa, unakuwa mzito na figo za mtoto zinalaumu. Robo alikunywa bila maneno. Nusu alikunywa huku ananitazama. Robo tatu aliirusha, ikampata paka wa jirani, ambaye hajarudi.

Wakati huo kopo lilikuwa linaishia, nikaenda dukani kununua jingine la kuchanganyia. Kijana wa kaunta akaniuliza umri wa mtoto. Nikamwambia ametimiza mwaka.

"Hongera mama, amefaulu," akasema, akashusha namba 3.

Kumbe kuna namba 3. Mtoto mchanga hutumia namba 1, baada ya miezi sita namba 2, na mtoto akifikisha umri wa kula ugali na kunywa maziwa ya kawaida pamoja na watu wote, kuna namba 3 inayomngoja mlangoni, kopo lenye rangi zile zile, asije akapotea njia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji unasema kwa mtoto wa miezi 12 hadi 23 maziwa ya mnyama yanatosha, na namba hizo za baadaye haupendekezi. Bei ya kopo moja ningenunulia maziwa ya ng'ombe ya kuogea. Hapo ndipo nilipoacha kucheka, na nikiandika hivi sasa sicheki.

Maana mimi sikuzaliwa napenda kopo. Kliniki, juu ya mzani wa kuning'iniza watoto, pana bango: maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila hata maji. Nimelisoma, nakubaliana nalo, ningeweza kulisoma nimefumba macho. Kisha kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayonipa likizo ya uzazi ya siku 84. Ukijifungua pacha ni 100, kwa hiyo yule wa pili analetewa siku 16. Baba ana siku 3, ambazo mume wangu alizimalizia kutafuta kitanda cha mtoto. Siku 84 ni wiki 12. Bango na sheria vimetoka serikali hiyo hiyo moja, na havijawahi kukutana.

Sheria hiyo pia inaniruhusu kutumia muda usiozidi saa mbili kila siku ya kazi kwenda kunyonyesha. Aliyeiandika aliishi karibu na ofisi. Mimi nafanya kazi Posta na mtoto yuko Kinyerezi. Kwa saa mbili nafika Tabata, namuwaza, nageuza. Kuna wanaokamua kazini; mimi nilikamua chooni, kwa kuwa pengine pote pana vioo, mpaka meneja akauliza kwenye kikao ni nani anayekaa humo muda wote huo, watu wa usafi wamelalamika. Maziwa hayakamuliki kwa mtu anayegongewa mlango. Yakapungua, kisha yakaisha, na kila aliyeliona kopo baada ya hapo, kuanzia nesi hadi dereva wa bajaji, alinieleza faida za maziwa ya mama.

Basi. Tuendelee na ng'ombe.

Dumu la Lushoto lilipoisha, tukaanza kununua kwa muuza maziwa wa baiskeli, na mama mkwe akamfukuza kwa kuweka tone moja kwenye ukucha wake wa gumba na kulitazama likiteleza kama maji. Wa pili alikuja na laktomita yake mwenyewe ya kupimia maziwa, akafaulu. Siku moja maziwa yalifurika yakazima jiko la gesi, kwa sababu utando wa juu unaziba mvuke na protini zinayashikilia mapovu yasipasuke, na kwa sababu nilikuwa nimeitwa kupokea simu ya wifi. Mtoto akapata choo kigumu. Tatizo likaisha kwa papai. Mume wangu alionja maziwa ya chupani ili kumpa mwanawe moyo, akaharisha yeye.

Siku aliyokubali hakuna aliyekuwa anamwangalia. Tulikuwa kwa jirani wa chini, yule wa kuvuta kiti. Akampokonya mtoto wa watu kikombe cha plastiki chenye masikio mawili, akanywa maziwa yote yaliyokuwemo, ya ng'ombe, ya baridi, yenye utando, akageuza kikombe kichwani kwake kuonyesha kimeisha. Mama mkwe akapiga vigelegele, na kesho yake akapanda basi akiwa mshindi. Hiyo haikurekodiwa.

Toka hapo hashikiki. Anakunywa akiamka, anakunywa akilala, anaamka usiku wa manane anakwenda kusimama mbele ya friji. Juzi nimempeleka kliniki, kichwa juu. Nesi akamweka kwenye mzani, akajaza kadi, akauliza, "Maziwa anakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Lita moja, nesi. Saa nyingine inapita."

Akaweka kalamu chini. Akamvuta mtoto kope ya chini, akaangalia wekundu wake.

"Punguza, mama. Nusu lita, isizidi. Maziwa ya ng'ombe hayana madini ya chuma, halafu yanamjaza tumbo, chakula hali. Utatuletea mtoto hana damu. Mpe maini, maharage, mboga za majani. Na chupa ya usiku uiache kabisa, itamwozesha meno."

Nikamfunga mgongoni. Mtoto akaanza kuulilia mkoba wangu, kwa kuwa anajua kikombe kiko mfuko wa pembeni. Kwenye benchi la nje mama mmoja alikuwa anamweleza mwenzake kwamba wa kwake maziwa ya ng'ombe hataki hata kuyaona, amejaribu kila njia amechoka. Akaniona, akamwona wangu anavyolilia kikombe, akanipungia mkono nisogee. Nikaongeza mwendo.