Majibu kwa Wenye Dhiki za Kabureta

Bwana Mshauri, pikipiki yangu niliinunua Tanga, ikanitumikia vizuri. Tangu nihamie Lushoto imekuwa nzito kupanda milima, inatoa moshi mweusi, na petroli inakwisha kabla ya mshahara. Jirani amenishauri niisomee dua. — Mpanda Milima, Lushoto

Dua haikatazwi, wala jirani yako hana kosa illa kuanza na lile la mwisho. Bali kwa kuwa Tanga iko pwani na Lushoto imekaa katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, hewa ya huko kwako ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika nane, na kabureta, ambayo haina habari kwamba bwana wake amehama, ingali inamimina petroli kwa kipimo kile kile ilichopewa kiwandani, hata injini ikawa inalishwa kuliko pumzi yake inavyoweza kusaga. Fungua plagi uitazame: ikiwa ncha yake imevaa masizi makavu meusi, huo ni ushahidi tosha.

Kwanza safisha kichujio cha hewa, maana kichujio kilichojaa vumbi huleta maradhi yayo hayo bila ya kupanda mlima wowote. Kisha, pahali pasipo jiko wala sigara, funga koki ya petroli, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, na yaliyomo uyakinge kwa kopo. Ukiisha kulivua bakuli utaliona boya, na karibu yake jeti kubwa ya shaba, iliyochorwa namba ndogo hata sisi tuliokwisha kuvaa miwani hulazimika kumwita mtoto atusomee. Katika kabureta za Keihin namba 100 maana yake ni tundu la milimita moja. Ikiwa yako ni hiyo, tia 98, upande nayo mlima, uitazame tena plagi. Moshi ukiwa bado upo, tia 95. Usishuke zaidi kwa tamaa ya kubana matumizi, kwani injini inyimwayo petroli haitoi moshi wa kukushitakia, huungua kimya kimya hata pistoni ikatoboka. Wala usiilaumu jeti hii kwa kila kosa: yenyewe hutawala pale mkono wa mafuta unapovutwa kupita robo tatu, katikati hutawala sindano, na injini inapounguruma pasipo kuvutwa, hutawala jeti ndogo na skrubu yake. Ile jeti ya kwanza ifunge katika karatasi uihifadhi, maana siku utakapoteremka Mombo kurudi kukaa Tanga, itakulazimu kuirudisha.

Bwana Mshauri, nimekata ekzosi nipate sauti ya heshima, na kichujio cha hewa nimekitupa. Sasa inapiga mabomu kila niachiapo mafuta, na injini haishikiki kwa moto. — Kijana wa Mjini, Mombasa

Umeifungulia hewa milango yote miwili, wa kuingilia na wa kutokea, na petroli umeiacha pale pale. Plagi yako, bila shaka, ni nyeupe. Wenye ilimu watakuambia upandishe jeti daraja moja moja, nao wasema kweli. Walakini vumbi linaloingia bila kichujio hukwangua silinda, na hakuna jeti itibuyo hayo. Nunua kichujio. Ama heshima, waulize majirani zako saa tano ya usiku.

Bwana Mshauri, mume wangu kila Jumapili hufungulia kabureta juu ya sinia langu la pilau, jeti akazizibua kwa pini ya mtandio wangu, na pikipiki ikawaka vibaya kuliko jana yake. Nifanyeje? — Mwenye Sinia, Zanzibar

Bibi mtukufu, umeleta mashitaka mawili, nami naanza na la pini. Shaba ya jeti ni laini na chuma cha pini ni kigumu, basi kila azibuapo huongeza tundu, na kwa Jumapili zote hizo jeti yake imekwisha kuwa na kipimo kisichojulikana na kiwanda chochote. Anunue mpya, na tangu hapo azizibue kwa petroli safi na upepo wa pampu. Kisha nadhani anakoroga kila skrubu kwa pamoja. Aipashe injini moto kwanza. Ile skrubu ndogo ya mchanganyiko aizungushe ndani polepole hata ikae, asiikaze, airudishe nje mzunguko mmoja na nusu, ndipo aongeze au apunguze kwa robo robo huku akisikiliza, hata mngurumo uwe mwepesi tena uliotulia. Na atazame imekaa wapi: iliyo upande wa kichujio, kuizungusha ndani huongeza petroli, iliyo upande wa injini, huipunguza. Asiyelijua hilo atahangaika mpaka maghrib.

Ama sinia, ni haki yako, na lirudishwe leo. Yeye atafute beseni, akae uani, mbali na moto wa jiko lako.

Wenye kuniandikia wataje mji wakaao, namba ya jeti na rangi ya plagi. Na barua zinukazo petroli wazipeleke mchana, maana usiku mimi husomea taa ya utambi.