Agosti, Roma, na Familia Nzima

Baba mwenye nyumba ameshatangaza: Agosti, familia nzima Roma. Hongera zake. Warumi wenyewe mwezi huo hufunga maduka na kukimbilia baharini. Tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, mitaani utawakuta paka, watalii wenzako, na jua lisilojua heshima ya mgeni.

Tiketi ya Colosseum huandikwa jina na saa, hivyo ule mpango wake wa "tukifika tutaona" atauonea nje ya ukuta. Binti naye kafungasha kaptura tupu. Mlangoni pa Basilika la Mtakatifu Petro mabega na magoti hufunikwa, joto au si joto; mama mtu alisema, nani alimsikiliza?

Mkichoka, msithubutu kukaa kwenye Ngazi za Kihispania. Zimekanyagwa tangu karne ya 18, lakini tangu 2019 makalio yako pale yanaweza kugharimu hadi euro 400. Kiti ghali kuliko hicho sijakiona, na hakina hata mto.

Maji ni bure, jamani: mabomba ya mitaani, nasoni, hutiririka usiku na mchana. Muuza chupa hatakwambia.